Chagua hospitali kwanza, chuo kitafuata: kwa wenye wanataka kuwa madaktari wa magonjwa ya ndani



Kila mwaka, matokeo ya egzame ya Leta yakitoka, wadogo zetu wa Rubaya na vijiji vya pembeni wananiuliza swali moja: "Mukubwa, nimepata diploma ya biyoshimi, nataka kusoma medesini. Niende wapi?" Wananiuliza mimi, mtu wa agronomi, kwa sababu kwetu wenye lisansi hatuko wengi. Mtu akimaliza chuo, watu wanadhani anajua vyuo vyote.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni viazi, maharagi na majani ya ng'ombe. Lakini mwaka jana nilimusindikiza mdogo wangu wa kike, mwenye kichwa chake kilishakata shauri: anataka medesini interni. Tuliuliza madaktari, tuliuliza wanafunzi wenye wako kwenye staji, tulisimama kwenye makoridori ya hospitali. Haya ninayoandika njo tulikusanya. Nayaweka hapa juu ya wale wenye familia zao ziko karibu kuuza ng'ombe ao kipande cha shamba.

Nitatoa jibu tangu mwanzo: usianze kwa kuchagua chuo. Chagua hospitali, kisha uangalie ni chuo gani kinafundisha wanafunzi wake pale.

1. Medesini interni ni kitu gani?

Hospitali kubwa ya zoni ya afya kwetu inakuwa na sehemu ine za msingi: upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, na medesini interni. Hii ya mwisho inapokea mtu mzima mwenye hana jeraha la kushona wala mimba ya kuzalisha, lakini mwili unamushinda: moyo, mapafu, figo, ini, damu, kisukari, presha, homa yenye haieleweki. Daktari bingwa wa sehemu ile anaitwa internisti.

Watu wanachanganya maneno mawili. "Interne" ni mwanafunzi wa mwisho mwenye anafanya staji hospitalini. Internisti ni mtu mwenye alimaliza udaktari wote, kisha akasoma tena miaka mingine. Na si "daktari wa tumbo", kama mamangu alivyofikiri. Silaha yake kubwa si kisu. Anasikiliza, anapima, anaunganisha dalili moja na ingine mpaka ugonjwa upate jina.

Nitoe mfano wa kwetu. Baba yetu mdogo alichimba koltan miaka zaidi ya kumi. Akaanza kukohoa, kukonda, kukosa pumzi kwenye kilima. Kwenye kituo kimoja cha afya alipewa dawa ya kifua kikuu, akamaliza, hakupona, akapewa tena. Mwishowe tukamufikisha Goma kwa internisti. Huyu aliangalia picha ya mapafu, kisha akauliza swali lenye hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Muzee, unafanya kazi gani?" Ilikuwa vumbi la mawe, ugonjwa wenye wanaita silikozi. Hauna dawa ya kuuondoa, lakini mtu akitoka kwenye vumbi mapema, anaweza kuishi vizuri zaidi. Tena mapafu yenye vumbi lile yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mengine, kwa hiyo lazima mtu afuatwe. Swali moja lilibadilisha maisha ya nyumba nzima. Siku ile njo mdogo wangu alikata shauri.

Sasa, ule ujuzi wa kuuliza swali lenye linafaa haupatikani kwenye silabusi peke yake. Unapatikana kwenye kitanda cha mgonjwa, mbele ya daktari mukubwa mwenye anakuonyesha.

2. Barabara yenyewe ni ndefu kiasi gani?

Kwetu Kongo udaktari wa kawaida unachukua miaka sita ao saba, kufuatana na programu. Zamani walisema graduat kisha doctorat. Toka mfumo wa LMD uingie mwaka wa 2021-2022 majina yanabadilika, lakini mwendo ni uleule: mwanzo sayansi za msingi (anatomia, fiziolojia, kemia ya mwili), kisha magonjwa, kisha staji. Baada ya pale wengi wanafanya kazi mwaka mmoja ao miwili kama daktari wa kawaida. Njo unaanza ubingwa wa medesini interni, wenye mara nyingi unachukua miaka mine ao mitano. Ukitaka tena moyo peke yake, ao figo peke yake, unaongeza.

Fanya hesabu. Mtoto mwenye anaanza na miaka 18 au 19 atakuwa internisti akiwa na miaka 31 ao 32, kama vita haikumukatiza. Hii si maharagi ya miezi tatu. Ni kama kupanda avoka kwa kokwa: mwenye anapanda lazima ajue atakula nini kabla mti haujazaa. Tuseme wazi pia kwamba miaka ya ubingwa wengi hawalipwi mushahara wa maana, na daktari mupya wa Leta anaweza kungojea malipo yake muda murefu. Familia yenye inadhani miaka saba ikimalizika pesa zitaanza kuingia, iambiwe ukweli mapema.

3. Kwa nini hospitali kwanza?

Kwenye kazi yangu tuko na sheria moja ya mbegu ya viazi: haichaguliwi sokoni ndani ya mufuko. Kiazi chenye ugonjwa wa kunyauka kinaweza kuonekana kizuri kabisa. Mkulima mwenye akili anaingia shambani wakati mimea bado iko hai, anaweka kijiti kwenye ile yenye nguvu, na wakati wa kuvuna anachukua mbegu pale. Chuo nacho ni vile. Jengo, geti, na toga za siku ya kolasio ni mufuko tu. Shamba ni wodi.

Kuna jambo lingine lenye wengi hawalioni: hospitali inaweza kuwa na jina kubwa sana, lakini jina lile ni la sehemu ingine. Panzi ya Bukavu, hospitali ya kufundishia ya Université Évangélique en Afrique, inajulikana dunia nzima juu ya wanawake na upasuaji wao. CBCA Ndosho ya Goma inajulikana juu ya majeruhi wa vita, wenye wanahudumiwa pale kwa musaada wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini weye mwenye unataka magonjwa ya ndani, usiulize tu "hospitali hii ni nzuri?" Uliza: "Wodi ya medesini interni iko namna gani?"

Wala usifunge mlango wa zingine. Denis Mukwege alisomea udaktari Burundi, na mawazo yake yalikuwa kuwa daktari wa watoto. Alipofika kufanya kazi kwenye hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, akaona wamama wanakufa wakizaa. Akageuza, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi, na 2018 akapewa tuzo ya Nobeli ya Amani. Wodi ilimufundisha kitu chenye hakukijua wakati anajiandikisha. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo sehemu zote ine zinafanya kazi kweli. Ukibadilisha mawazo, usiwe umenaswa.

4. Karibu ao mbali?

Wazee wengi wanasema: "Kama ni udaktari, aende Kinshasa." Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani njo ziko na fakulte za Leta za zamani, na pale ubingwa una mizizi. Kliniki za Chuo Kikuu cha Kinshasa ziko na internisti wa moyo, wa figo, wa kisukari, kila mmoja na sehemu yake. Mwenye yuko na ndugu wa kumupokea kule, asikatazwe.

Lakini karibu yetu si jangwa. Goma kuko UNIGOM ya Leta, na vyuo vingine. Bukavu kuko chuo cha Leta (UOB), kuko UEA na Panzi, kuko Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB), chenye kilianza 1989 na kinafundishia kwenye Hospitali ya Mkoa ya Bukavu. Butembo kuko Graben (UCG), nacho cha 1989, chenye kliniki zake.

Na kuna faida ya kusomea mahali magonjwa ya watu wako yanalala kitandani. Mfano wa kwanza ni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, toka mwezi wa 8, 2018 mpaka mwezi wa 6, 2020: watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Katikati ya msiba ule, dawa ine zilijaribiwa kwa kulinganishwa, na jaribio lile halikufanyika Ulaya wala Kinshasa. Lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwaka 2019 likaonyesha dawa mbili zenye zinaokoa watu wengi kuliko zingine. Moja ilitengenezwa kutoka damu ya mtu mwenye alipona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Mfano wa pili ni kisukari. Vitabu vingi vinaonyesha mgonjwa wa kisukari kama mtu munene wa mujini. Sisi tunaona pia mtu mwembamba, mulimaji, mwenye alikosa chakula tangu utoto. Madaktari wa nchi za joto walilisema jambo hili toka miaka ya 1950. Shirika la Afya Duniani liliandika aina hii kwenye orodha yake mwaka 1985, kisha likaitoa 1999. Mwezi wa 4, 2025, kwenye mukutano wa Bangkok, shirikisho la kimataifa la kisukari likaitambua upya kwa jina la kisukari aina ya 5. Miaka yote ile wagonjwa walikuwepo, na mwanafunzi mwenye alisoma mbele ya vitanda vyao alikuwa anawaona. Mimi mtu wa chakula, jambo hili linanigusa: ugonjwa unaanza kwenye shamba lenye halikuzaa, miaka ishirini mbele ya hospitali.

Kuhusu ngambo: Uganda kuko Makerere, ambako mafundisho ya udaktari yalianza 1924, na Mbarara, chuo cha 1989. Pale ubingwa wa magonjwa ya ndani ni miaka mitatu juu ya udaktari. Lakini ni Kiingereza toka siku ya kwanza, gharama ya mgeni inakuwa ingine, na ukirudi Kongo diploma yako inapitia kwanza njia ya ekivalansi. Wengi walinishauri hivi: udaktari wa kwanza usome nyumbani, ngambo uiweke kwa ubingwa.

5. Maswali sita ya kuuliza kwenye wodi

Usiulize watu wa ofisi ya maandikisho, kazi yao ni kuandikisha. Uliza wanafunzi wa staji na wauguzi. Sisi tulikuwa na maswali haya:

Moja: wodi ya medesini interni iko na vitanda ngapi, na wanafunzi ngapi wanazunguka kila asubuhi? Kama wanafunzi arobaini wanazunguka kitanda kimoja, yule wa nyuma anasikiliza radio tu.

Mbili: nani anaongoza mzunguko wa asubuhi? Internisti mwenye anaishi mujini pale, ao profesa mgeni mwenye anakuja wiki mbili, anamaliza somo mbio, anarudi? Vyuo vyetu vya mashariki vinategemea sana maprofesa wa kutoka Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa. Si kosa, lakini ujue ni nani anabaki na weye akisharudi.

Tatu: vyombo viko na vinatumika? Elektrokadiogramu, ekografi ya moyo, picha ya mapafu, oksijeni, kupima kreatinini ya figo, mashine ya GeneXpert ya kifua kikuu. Chombo chenye kimefunikwa kitambaa juu hakuna mtu anajua kukitumia, usikihesabu.

Ine: mgonjwa akifariki, wanakaa chini kuzungumuza kwa nini? Mwanafunzi mmoja alituambia kwao kila asubuhi kuko mukutano, na mwanafunzi anaeleza mgonjwa wake mbele ya madaktari wote, anaulizwa mpaka anatoka jasho. Mdogo wangu akaniangalia akacheka. Alikuwa ameshapenda.

Tano: wenye walimaliza miaka mitano iliyopita wako wapi? Ni wangapi walipokelewa kwenye ubingwa, na wapi?

Sita: mwanafunzi anaruhusiwa kufanya nini kwa mikono yake mwaka wa mwisho, na nani anasimama pembeni yake?

6. Karatasi

Kama chuo ni cha mutu binafsi, uliza kama kinatambuliwa na Leta kikamilifu, ao kiko na ruhusa ya kufanya kazi tu. Uliza kama diploma za promosheni zilizopita zimeshapitishwa na wizara, na kama wenye walimaliza wameshaandikwa kwenye Ordre des Médecins. Bila Ordre hauruhusiwi kutibu. Kisha tafuta jina la chuo kwenye orodha ya World Directory of Medical Schools. Iko bure kwenye intaneti. Chuo chenye hakiko pale kitakusumbua siku unataka ubingwa Marekani, hata kama leo haufikirie kwenda.

7. Pesa na njia

Hapa njo wengi wanaanguka, si kwenye anatomia. Ng'ombe mbili zinaweza kulipa mwaka wa kwanza. Hazilipi wa saba. Andika kila kitu: minervali, pesa za staji, nyumba, chakula, blusi, stetoskopu, kompyuta, njia. Zidisha kwa saba, kisha uongeze kidogo, juu sita inakuwa saba na saba inakuwa nane.

Ushauri wangu wa mwagronomi: usiuze ng'ombe wa maziwa mwaka wa kwanza. Uza ndume, acha mwenye anakamuliwa. Na kabla ya kujiandikisha, uliza chuo kama minervali inalipwa kwa vipande, na tarehe gani. Kwetu msimu A tunapanda mwezi wa 9, viazi na maharagi vinatoka kuelekea mwezi wa 12 na wa 1. Msimu B tunapanda mwezi wa 2 ao wa 3, tunavuna kuelekea mwezi wa 6. Kipande cha minervali chenye kinaanguka mwezi wa 11, wakati viazi viko bado udongoni, kitakulazimisha kukopa kwa riba ao kuuza mavuno kabla hayajakomaa. Kile cha mwezi wa 1 shamba linaweza kukibeba.

Njia nayo ni gharama. Rubaya mpaka Goma si mbali, kilometa sitini na kitu kwa kupitia Mushaki na Sake, lakini sisi sote tunajua namna barabara ile inavyobadilika. Vita ilifika Goma mwezi wa 1, 2025, na Bukavu mwezi wa 2. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mabenki yakafunga. Tangu pale kwenda Kinshasa kwa wengi ni kupita kwanza Rwanda ao Uganda, na kutuma minervali ni hesabu ingine. Sisemi mambo ya siasa. Nasema uulize maswali mawili ya kawaida: kama njia ikifungwa katikati ya mwaka, mtoto atalala kwa nani na atakula nini? Na diploma za mwaka uliopita zimetoka, zikasainiwa wapi?

Kama hesabu inakataa mwaka huu, si mwisho wa dunia. Kituo cha afya chetu kinaongozwa na muuguzi, si daktari, na muuguzi mwenye akili anaokoa watu kila siku. ISTM ya Goma inafundisha kazi zile kwa miaka michache. Wako watu wenye walianza pale, wakafanya kazi, wakajilipia medesini wenyewe.

Mdogo wangu yuko sasa mwaka wa kwanza. Sitataja chuo chake, kwa sababu chenye kilimufaa yeye, na ndugu wenye tuko nao mujini ule, si lazima kikufae weye. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuchagua cha jina kubwa, wala cha karibu kuliko vyote. Alichagua wodi ambako internisti anakuja kila asubuhi, na wanafunzi wanaulizwa mpaka wanatoka jasho.

Kabla familia haijauza kitu, muende hospitalini siku tatu. Lipa moto, beba mihogo yako, simama kwenye koridori, uliza. Siku tatu ni kidogo sana mbele ya miaka saba. Na baba, mama, baba mudogo wenye wanatoa mali yao, muwapeleke nao waone vitanda, juu wao pia wako na haki ya kujua pesa zao zinaenda kupandwa kwenye udongo gani.